Mchi wa pili: kujifunza kucheza katikati ya mapigo

Maneno ya ekipe ya uwanja mbele ya mkutano mkuu wa wanachama. Yanaandikwa hapa kama yalivyosemwa, tumepunguza tu salamu.



Komite ilitupatia dakika makumi mbili kusudi tujibu swali moja. Katika hesabu ya miezi mitatu iliyopita munaona vinu viwili, michi sita na ngoma moja, vyote vimenunuliwa kwa feza ya mchango. Na kati yetu hapa kuna wanachama wenye nyumba ambazo hazijapata bati. Mama mmoja alisimama ku mkutano uliopita akauliza: «Tulirudi Congo kucheza ngoma?» Hakuna aliyemjibu vizuri siku ile, hata sisi. Tulitafuta maneno ya ONG, «mshikamano wa kijamii» na mengine ya namna hiyo, mama akatikisa kichwa akaketi. Leo tunajaribu tena, bila yale maneno.

Tuanze na ile arusi. Wengi munaijua. Vijana wetu waliingia uwanjani wakati sebene ilianza, wale waliozaliwa Lugufu ao Nyarugusu, waliokuja huku wakiwa wakubwa. Walijipanga mstari, mguu wa kushoto, mguu wa kuume, mikono pamoja. Ndivyo walivyozoea ku kwaya ya kambi, na ku kwaya ile ilikuwa ni kitu cha kupendeza. Lakini bafle ilikuwa inaita kitu kingine. Wenyeji waliosimama pembeni wakaanza kucheka. Mmoja akasema kwa sauti: «Angalia ba rapatriye, banacheza sawa ba polisi ku defile!» Watu wakaanguka kwa kicheko. Kijana mmoja wa kwetu akachukua kiti cha plastiki akakitupa. Mulisikia yaliyofuata: jino moja, mkono mmoja uliopasuka, na mutualite yetu ililipa ku santé pande zote mbili, hata ya yule ambaye si mwanachama, juu komite iliona hivyo ni afadhali.

Ile feza ya santé ilikuwa ndogo. Kubwa ilikuja nyuma. Familia moja ya wale waliobaki, iliyokuwa imewapa watu wetu sehemu ya shamba kulima mihogo na kugawana, ilituma mtu kusema: mwaka ujao hapana. Na yule kijana wa kiti alimwambia mama yake amwandikishe jina arudi Nyarugusu. Alisema: «Mama, huku banatucheka mupaka miguu.»

Tusijidanganye kwamba watu wanapigana juu ya kucheza. Boti za kurudisha watu zilianza kuvuka toka Kigoma mpaka Baraka mwaka 2005. Waliobaki walisimama ku mwambao wakaona watu wanashuka na sufuria, na majembe, na turubai mpya. Wao walikuwa wamepita vita palepale, walilala msituni, na kwa wengi wao hakuna aliyewaletea hata sindano ya kushonea. Tangu siku ile kila mzigo unaoandikwa «kwa waliorudi» unaacha kidonda fulani. Mtu hawezi kuucheka mzigo. Miguu anaweza kuicheka. Hapo ndipo uchungu wake unapata njia ya bei rahisi.

Tulianza vibaya. Tulifanya kama tulivyosoma ku chuo kikuu na kama tulivyofundishwa ku seminari: viti vya duara, karatasi kubwa ukutani, soda, feza ya usafiri, na mada juu ya kuishi pamoja. Siku ya kwanza wote walikuja. Siku ya pili walikuja waliorudi peke yao. Wenyeji walisema hawana haja ya kufundishwa amani na watu waliokuwa ng'ambo wakati vita inapiga. Walikuwa na haki.

Kisha kijana msichana, mmoja wa wale waliochekwa, akatuambia jambo rahisi sana: «Badala ya kutufundisha kusameheana, tufundisheni kucheza vile banacheza.» Tukakubali haraka kuliko tulivyofikiri. Kati yetu sisi wa ekipe kuna waliokulia Bukavu, kuna aliyekulia kambini, na kila mmoja aliamini kwamba anajua rumba kwa sababu ni Mkongomani. Basi tukaazima bafle, tukawapanga vijana, tukaanza kuhesabu.

Hapa tueleze kidogo, sababu ndiyo kiini cha jambo. Katika musiki kuna pigo, pale mguu unapokanyaga ukitembea nayo. Moja, mbili, tatu, nne. Kati ya pigo na pigo kuna nafasi, wakati ule mguu uko juu hewani. Wanamuziki wetu wanaita kontratan. Anayecheza juu ya pigo tu anaonekana kama askari. Anayejua kuweka kitu ndani ya ile nafasi, bega, ao kiuno, ao hata kope la jicho, huyo ndiye watu wanamwambia: «Ongeza!» Sisi tulifikiri inatosha kusema «moja na, mbili na, tatu na», kisha mtu asukume kiuno penye «na».

Haikutosha. Vijana walingoja wasikie «moja», ndipo watafute «na». Wakiipata, imepita. Wakawa wanaikimbiza musiki nyuma kama mtu aliyekosa boti. Na kila mmoja akawa anaangalia miguu ya mwenzake, na jicho ni zito, linaleta habari wakati mambo yameisha. Siku mbili za hiyo, vijana walikuwa wamekauka zaidi kuliko ku arusi. Wasichana wawili wakaacha kuja. Na sisi wenyewe, tulipojirekodi ku telefone kusudi tuone makosa yao, tuliona kwamba animatere wao pia wanacheza sawa polisi.

Tulikuwa tunafanyia nyuma ya nyumba ya mama mmoja mwenyeji, mjane, ambaye alitukopesha kiwanja bila bei. Alikuwa anatwanga mihogo yake mikavu huku anatutazama. Siku ya tatu akaweka mchi chini akasema: «Munawafundisha kuhesabu ao munawafundisha kucheza? Mutoto mwenye kuhesabu, musiki ilishamupita.» Akamuita yule msichana, akampa mchi wa pili.

Wanaume wengi hapa mumekula bukari tangu kuzaliwa bila kuangalia unga unatoka namna gani, basi mutuvumilie. Wanawake wawili wakitwanga ku kinu kimoja, mchi wa mmoja unashuka wakati wa mwingine uko juu. Wakishuka pamoja michi inagongana, na mkono unaumia hadi ku bega. Mama alianza polepole: tu, tu, tu. Msichana akasubiri asikie «tu», ndipo akainua. Wakagongana. Mara ya pili, wakagongana. Mara ya tatu mama alisimama akamwambia: «Unangoja sauti yangu. Usingoje. Vile mimi naanza kushuka, wewe unaanza kupanda. Sauti itajipata yenyewe.»

Ndugu zetu, sisi tuna diploma, na hilo hatukulijua. Ili uanguke katikati ya mapigo lazima uanze kabla hujasikia. Anayengoja kusikia amechelewa tayari. Kumbe hofu ndiyo ilikuwa inawafunga wale vijana: mtu aliyechekwa hataki kutangulia, anataka kwanza ahakikishe, na ku jambo hili ukihakikisha kwanza umekwisha kukosa.

Tuliuliza pia sababu gani wasichana wetu hawakuwa na huo mwendo mikononi, wakati binti wa hapa wa miaka kumi anao. Mama mmoja wa kwetu akatujibu bila kufikiri: kambini walipokea unga uliosagwa tayari, ndani ya mifuko. Wao wazee walikuwa wametwanga kwao zamani, lakini binti zao hawakupata kinu cha kuwafundisha. Hakuna wa kumlaumu. Watu walihitaji kula, na unga ulikuja umesagwa.

Kutoka siku hiyo tuliacha bafle kwa muda. Namna tunavyofanya sasa ni hii. Watu wawili ku kinu, mpaka wasigongane tena. Wengine siku moja, wengine wiki mbili. Wavulana pia wanatwanga, na walilalamika sana, kisha wakazoea. Wakishaweza, mama anawaambia waachie michi na waendelee na mikono mitupu, mwendo uleule. Halafu wanageuka, mgongo kwa mgongo, kusudi jicho lisisaidie. Kila mmoja anasikia bega la mwenzake linapanda na kushuka. Halafu kitu kigumu kuliko vyote: mtu peke yake. Mguu unachukua kazi ya mchi wa kwanza, unakanyaga penye pigo, goti linalegea. Kiuno kinachukua kazi ya mchi wa pili: goti likianza kushuka, chenyewe kinaanza kupanda. Basi. Mtu mmoja, michi miwili mwilini. Ngoma inaingia nyuma ya hapo, na bafle mwisho kabisa.

Kuna muzee mmoja aliyepiga gitaa ku orkestra ya hapa zamani, naye ni wa wale waliobaki. Alivutwa na kelele za kinu akaja kukaa ku benchi. Alipoona watu watatu ku kinu kimoja alicheka akasema hiyo ni gitaa tatu za sebene: akompa inashika, solo inapaa juu, na mi-solo inajaza katikati yao, bila kukanyaga mtu. Ukiondoa mi-solo, wengi hawatajua kitu gani kimeondoka, lakini watakaa chini.

Muzee huyo alituonyesha pia vile vijiti viwili vya rumba ya zamani, ile ya wakati wa Kabasele na African Jazz. Tulisema kuhesabu hakusaidii, lakini muturuhusu kuhesabu mara moja, juu hii ilitufurahisha. Muchukue mapigo manne ya mguu, kila moja mulikate vipande vinne: ni vipande 16. Mguu unakanyaga cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13. Kijiti kinagonga cha 1, cha 4, cha 7, cha 11 na cha 13. Muangalie wenyewe. Kijiti kinagonga mara tano, na kinakutana na mguu mara mbili tu, mwanzo na karibu na mwisho. Mara tatu kiko hewani peke yake. Wale wanaongoja mguu na kijiti vitembee pamoja wanapata taabu sababu hiyo.

Akatuambia ile musiki ilikotoka. Watu walipelekwa Cuba utumwani, wakiwemo wengi wa pwani ya Congo, na mapigo yao yalienda nao. Kati ya miaka ya 1930 na 1940 santuri za Cuba zilianza kufika Léopoldville ndani ya meli, watu wakazisikiliza na kuona kwamba si za kigeni kabisa. Wakazichukua, wakaweka gitaa na Lingala. Miaka ya 1970 Zaïko Langa Langa na mpiga ngoma wao Meridjo Belobi waliongeza mwendo, na vijana wa leo wanadhani sebene ilianzia hapo. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Congo ku orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa ombi la Congo zote mbili. Muzee alimaliza, akatuangalia sisi na vijana wetu, akasema: «Sasa muone, hii musiki nayo ni rapatriye.»

Walicheka wote, wa huku na wa kule. Neno hilohilo la ku arusi, lakini hakuna kiti kilichoruka.

Na vijana wetu walipata cha kumjibu. Walimwambia kwamba huko Tanzania wazazi wao walimkuta Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, akiimba kwa Kiswahili, na Watanzania wanamwita Dokta. Muzee alikuwa anajua jina, hakujua kwamba watoto wa kambi wanalijua. Walimfundisha nyimbo mbili ambazo hakuwa nazo. Hapo ilikuwa mara ya kwanza tunaona kitu kinatoka upande wetu kwenda upande wao bila kuandikwa ku orodha ya mgao.

Sasa feza, juu tuliitwa kwa ajili hiyo.

Hatulipi mtu kufundisha. Tulijadiliana sana juu ya hilo. Wengine wetu tuliona ni aibu kumtumikisha mama mjane na muzee bure, wakati sisi tunapokea mshahara. Mama mwenyewe alikataa. Alisema siku tukimlipa, majirani watamwita mfanyakazi wa ba rapatriye, na yeye hataki. Alitaka kitu kingine: vijana watwange mihogo yake. Tukakubali, na baada ya wiki chache wanawake wenyeji wanne wakawa wanaleta mihogo yao, wanafundisha, wanarudi na unga.

Hapo mama za kwetu wakakasirika, na haki ni yao. Walisema watoto wao wamegeuka watwangaji wa bure, kwamba tulitoka kambini kusudi tutwangie wengine. Kikao cha siku ile kilikuwa kirefu na hatutaki kukirudilia chote. Kilichoamuliwa ni zamu: wiki moja mihogo ya wenyeji, wiki moja ya familia zilizorudi, na mwenye mihogo ndiye mwenye unga. Vinu viwili ni kwa ajili ya hiyo, kimoja hakikutosha. Ngoma iko juu jenereta inakula mafuta na ngoma haili kitu. Hii ndiyo gharama yote. Bafle ni ya kuazima.

Wazee wa kanisa moja walitujia pia, na hofu kuhusu binti. Tulikubaliana: hakuna pombe, tunamaliza kabla ya jua kuzama, na mama yeyote anaweza kuja kuketi. Wanakuja. Wengine hawaketi.

Kwa wafadhili tuseme wazi: ku fomu yenu kuna sanduku la «idadi ya waliofaidika». Tuliliacha wazi kwa robo hii, na tulipata barua ya kutuuliza. Hatukukataa kuhesabu watu. Lakini mukituomba tuandike waliorudi peke yao, hatutajua mama mjane tumuweke wapi, wala muzee wa gitaa. Tunaomba ruhusa ya kuandika mstari wa pili kwa wale waliobaki, na kama hakuna ruhusa, mutuambie, tutalipia sehemu hii kwa mchango wetu peke yake, kama tulivyoanza.

Kitu gani kimebadilika? Mwezi uliopita kulikuwa arusi nyingine. Yule msichana wa mchi wa pili alicheza, na wanawake wenyeji walimtilia feza ku paji la uso, kama wanavyofanya kwa mtoto wao. Wavulana wawili bado wanacheza sawa polisi, na watu waliwacheka, na wao walicheka pia. Shamba halijarudishwa. Tulienda kwa ile familia mara mbili pamoja na chefu wa kijiji. Walitupokea vizuri, walitupa ndagala na bukari, na jibu lao ni kwamba wataona mvua ikianza. Yule kijana wa kiti hajacheza. Anakuja Jumamosi, anabeba ngoma kutoka ofisini, anaipeleka, anangoja, anairudisha. Jina lake bado liko ku orodha ya wanaotaka kurudi Tanzania. Mama yake ameketi hapa kati yetu, na alituomba tusiseme zaidi ya hapo.

Jumamosi ijayo tunaanza saa nane, soko ikiisha. Ni zamu ya mihogo ya familia zilizorudi. Mchi mmoja umepasuka, kwa hiyo mwenye mchi nyumbani aje nao. Karatasi ya kununulia vinu na ngoma iko kwa mweka hazina. Mwanachama yeyote anaweza kuiona siku ya kazi, asubuhi.